Ploti Safi, Jikoni Aibu

Broka wa Karagita, hapa Naivasha, hakuonyeshi nyumba, anakuonyesha dari. Alifunga mapazia saa saba mchana, akabonyeza swichi, na jipsamu yote ikawaka buluu, halafu nyekundu, halafu zambarau fulani ambayo nilizoea kuiona kwenye baa tu. "Bosi, tazama juu," akasema. Tukatazama juu, mimi na mke wangu, Mama Nekesa, shingo zimepinda kama kuku wanaokunywa maji.

Sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa. Kabati za jikoni zilifika darini. Bafuni kulikuwa na maji moto, na Mama Nekesa aliyashika kwa vidole kwa muda ambao haukunifurahisha hata kidogo, maana nilijua bei imeshapanda.

Nikatoka nje. Ile rangi nyeusi ya chini ya ukuta, ambayo kwa watu wengine huishia chini ya goti, hapa ilikuwa imepanda hadi kiunoni. Nikauliza kwa nini. "Ni staili ya kisasa," broka akajibu. Na soketi za umeme, mbona ziko usawa wa bega? "Ni kwa ajili ya usalama wa watoto." Huyu mtu angefaa sana bungeni.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee mmoja, upande wa juu, mbali na barabara ya Moi South Lake. Mawe hayajapigwa plasta. Mlango haufunguki mpaka uuinue kwa bega. Choo kiko uani, na jikoni ni pembe ya sebule iliyojaa masizi. Lakini ploti! Hamsini kwa mia, mteremko wa kiasi, bikoni zote nne zinaonekana, na ukisimama langoni unaliona ziwa kwa mbali, pale pale ziwa linapostahili kukaa.

Mzee aliiita moja ya nane ya ekari, kama anavyoiita kila muuzaji nchini. Hesabu inakataa. Ekari ni futi mraba 43,560, kwa hiyo moja ya nane ni 5,445, ilhali hamsini kwa mia ni 5,000 kavu. Hizo 445 zinatosha sebule na chumba cha kulala, na sijapata wa kuniambia zilikopotelea. Nilipomwuliza mzee, akataka kujua nafundisha shule gani.

"Baba Nekesa," mke wangu akaniambia tulipofika nyumbani, "hiyo ploti utailalia?" Ni swali la haki. Yeye hushinda pakihausi akipanga waridi kwenye baridi, amesimama kutwa, na akirudi anataka kuoga maji moto, si kutazama mteremko. "Mimi si ng'ombe nifurahie kiwanja," akamalizia.

Nikamjibu kwamba vigae vinauzwa Naivasha mjini kila siku, hata kimoja kimoja mshahara ukiruhusu, lakini duka la kuuza mwinuko sijaliona. Nikamkumbusha mtaa wa Kihoto. Mwaka 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yalipofura, Ziwa Naivasha lilipanda likaingia mtaani, watu wakahama nyumba zao na viboko wakawa wapangaji. Mwaka 2025 maji yakarudi tena. Kiboko hana habari na jipsamu. Halafu kuna udongo wetu wenyewe, jivu la volkano, mwepesi. Kiangazi unakula vumbi lake, mvua ikija udongo unachimbwa na kuwa mtaro kabla chai haijachemka.

Hoja zangu zilikuwa nzito. Hazikumgusa.

Kwa hiyo nikaomba jambo moja: tukaione nyumba ya taa mvua ikinyesha. Broka alisema ratiba yake haina mvua. Aprili ilipofika na mbingu zikafunguka, simu yake ikawa haipatikani, tukaenda wenyewe. Maji yalikuwa yanashuka kutoka juu yakielekea ziwani, na njia yao ilipitia sebuleni. Mlinzi alikuwa ameketi juu ya kaunta ya jikoni, miguu imening'inia, anakula mahindi ya kuchoma. "Karibuni," akasema, "lakini vueni viatu." Mama Nekesa aliangalia maji yakizunguka pale bafuni palipompendeza, akafunga leso vizuri. "Twende kwa mzee," akasema, na hilo neno halijawahi kurudiwa nyumbani kwetu.

Ushuru wa stempu ndio ulionichekesha. Ardhi ya mjini hulipiwa asilimia 4 ya thamani, ya mashambani asilimia 2. Tangu siku ya kwanza kila muuzaji alikuwa ananiapia kwamba Karagita ni mjini kabisa; siku ya kulipa, mimi ndiye niliyekuwa naitetea kama kijiji.

Sasa tuna ploti safi, na ubaya wa ploti safi ni kwamba kila mtu anaiona. Kamati ya harusi ikikosa uwanja, hema linasimamishwa kwetu. Matatu hugeuzia kwetu. Binamu yangu ameshakagua kona ya nyuma na kusema inafaa "kachumba kadogo tu." Ndani bado tunaoga kwa beseni, na mgeni akija lazima nimfundishe bega la kutumia mlangoni. Shemeji mmoja alisukuma kwa bega lisilofaa, akaingia pamoja na mlango.

Mvua zikizidi, majirani wa bondeni hupanda na vitu vyao: magodoro, televisheni, mbuzi. Mara ya mwisho jirani mmoja alituletea friji, kubwa, ya milango miwili, ile inayotoa maji baridi kwa mbele. Mama Nekesa aliipangusa matope, akaichomeka kwenye ile pembe ya masizi, akapanga ndani yake maziwa, sukuma wiki na samaki wa ziwani. Usiku nikamkuta amesimama mbele yake gizani, glasi mkononi, anabonyeza maji.

Jua limewaka wiki nzima sasa. Jana asubuhi, akitoka kuwahi basi la shambani, alinigeukia mlangoni.

"Wakija kuchukua friji," akasema, "waambie huku juu bado kunanyesha."