Barua ya Wazi kwa Walmart: Mbona Hamkutuletea Kaunta ya Bunduki?

Kwa Uongozi Mkuu,
Walmart,
Bentonville, Arkansas,
Marekani.

YAH: KUNYIMWA KAUNTA YA BUNDUKI, MLIMANI CITY, DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mwaka 2011 mlinunua asilimia 51 ya kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, na kwa njia hiyo duka la Game pale Mlimani City likaingia mikononi mwenu. Tulijisikia watu. Muuzaji wa rejareja mkubwa kuliko wote duniani kafika mpaka Barabara ya Sam Nujoma! Mkatuuzia friji, ndoo, mahema na televisheni za ofa. Mwaka 2022 Game ikafungasha virago, na mpaka mnaondoka hatukuona bunduki hata moja rafuni. Huko kwenu takribani nusu ya maduka yenu huziuza, tena kwenye idara ya michezo, karibu na mipira na mishipi ya kuvulia samaki. Sisi mlituonaje, waheshimiwa? Hatuna michezo?

Labda mliuliza utaratibu wa hapa mkakata tamaa. Kwetu mwenye kutaka bunduki huanzia serikali ya mtaa, mbele ya watu wanaomjua kwa jina, kwa madeni na kwa anavyorudi nyumbani akishalewa. Kisha polisi, kisha vikao vya ulinzi na usalama, kisha njoo kesho. Kwenu mteja anajaza fomu namba 4473, muuzaji anauliza kwenye mfumo wa FBI, na mara nyingi jibu linarudi ndani ya dakika chache. Baada ya hapo mfanyakazi wenu hambwagii mteja bunduki yake kaunta. Anaishika mwenyewe, anamsindikiza mpaka nje ya mlango, ndipo anamkabidhi. Kwetu hivyo husindikizwa bibi harusi.

Nisiwaonee. Sam Walton, aliyefungua duka lenu la kwanza mjini Rogers mwaka 1962, alikuwa mwindaji wa kware, na mapenzi yake kwa mbwa wake wa kuwindia yalifika mahali jina la mbwa huyo, Ol' Roy, likapewa chakula cha mbwa mnachouza mpaka leo. Kwa mkulima wa Arkansas bunduki ya marisau ni kifaa cha kazi, na sina ugomvi naye. Nakiri pia kwamba tangu 2002 mmekuwa wakali kuliko sheria yenu. Sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukabidhi bunduki ikiwa siku tatu za kazi zimepita na FBI hawajajibu. Nyinyi mnasubiri jibu. Hongereni, ingawa inashangaza kuona taifa zima likitegemea subira ya mwenye duka.

Ukali wa kweli nimeukuta upande wa dawa. Tangu 2006 mteja wenu mwenye mafua akitaka vidonge vyenye pseudoefedrini lazima aende kaunta, aoneshe kitambulisho, atie saini kwenye daftari, na asizidishe gramu alizopangiwa kwa siku. Lakini sheria za shirikisho hazikuweka kikomo cha bunduki za marisau anazoweza kununua mtu mmoja kwa siku moja, na kwa risasi hazidai hata FBI waulizwe. Pua iliyoziba imedhibitiwa barabara.

Lakini sifa yenu kubwa, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu, ni kipaji chenu cha kutambua kitu cha hatari na kukiondoa rafuni. Mwaka 1996 mwanamuziki Sheryl Crow alitoa albamu yenye jina lake. Ndani yake mna wimbo unaogusia watoto wanaouana kwa bunduki iliyopatikana dukani kwenu. Mkakataa kuiuza albamu nzima. Bastola mlikuwa mmeshaacha kuziuza tangu 1993 isipokuwa Alaska, ila bunduki ndefu zilibaki mahali pake, zikimsubiri mteja. Kilichotolewa ni wimbo.

Kipaji hicho kimekua na umri. Baada ya mauaji ya wanafunzi na wafanyakazi wa shule pale Parkland, Florida, Februari 2018, mlipandisha umri wa kununua bunduki na risasi hadi miaka 21, jambo la maana. Katika tangazo hilohilo mkasema mnaondoa mtandaoni kwenu hata vitu vya kuchezea vinavyofanana na bunduki za kivita. Za kivita zenyewe mlikuwa mmeziacha 2015, kwa maelezo kwamba wateja wamepungua. Naona hiyo ndiyo sababu pekee ambayo haimkasirishi mtu yeyote Marekani.

Kisha ukaja mwaka 2019. Tarehe 30 Julai, wafanyakazi wenu wawili walipigwa risasi wakafa dukani Southaven, Mississippi. Siku nne baadaye, Jumamosi ya tarehe 3 Agosti, mtu aliendesha gari kutoka upande wa Dallas mpaka duka lenu la El Paso, akawafyatulia risasi watu waliokuja kununua mahitaji ya wikiendi na vifaa vya shule. Waliokufa ni 23. Hapa kejeli inanikwama kooni, na haki isemwe: bunduki ile haikununuliwa kwenu.

Mkafanya nini wiki ile? Mkayaagiza maduka yashushe mabango na maonesho ya michezo ya video yenye ukatili. Michezo yenyewe iliendelea kuuzwa, na bunduki nazo ziliendelea kuuzwa. Kilichoshuka ni picha. Sijui meneja wa El Paso angebandua bango gani.

Mwezi mmoja baadaye Mkurugenzi Mkuu wenu wa wakati huo, Doug McMillon, alitangaza mengi zaidi: risasi za bastola na za bunduki za kivita zitauzwa mpaka ziishe, bastola za Alaska basi, na wateja waombwe wasiingie na silaha kiunoni waziwazi. Mlijikadiria kuwa na asilimia 20 ya soko la risasi, mkatarajia mtabaki na kati ya 6 na 9. Akaahidi pia kuwaandikia Ikulu na wakuu wa Bunge, akiwataka wazungumzie ukaguzi wa wanunuzi na silaha za kivita. Kwa hiyo mnajua ilivyo kazi kuandika barua ya namna hii. Ni ajabu kidogo kwamba nchi yenye Bunge la watu 535 ilisubiri muuza ndoo atangulie.

Niwaombe kitu kimoja, na hiki ni kidogo. Oktoba 2020, kulipokuwa na fujo katika baadhi ya miji na uchaguzi mkuu uko mlangoni, mliamuru bunduki na risasi zitolewe ukumbini zifichwe nyuma, kwa usalama wa wafanyakazi na wateja. Anayezitaka angeziuliza. Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 29. Ijumaa mkasema fujo zimebaki kwenye maeneo machache, mkazirudisha.

Waraka wa Ijumaa nimeuelewa, ni wa kibiashara. Naomba nakala ya ule wa Alhamisi, pamoja na jina la cheo cha aliyeuandika. Huyo ndiye ningependa kufanya naye mazungumzo ya kaunta yetu.

Wenu katika foleni ya malipo,

Mteja wa zamani wa Game,
Dar es Salaam.