Sifa za Mnung'unikaji wa Piza

Wamekwisha kusifiwa majemadari, wanazuoni, mabibi harusi na hata ng'ombe wa mahari. Sijasikia bado mtu akisimama kumsifu mteja wa mgahawa wa piza anayelalamika. Namkusudia yule ambaye kipande kimoja kiko mkononi, jibini inamning'inia kidevuni, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili anatafuta kwenye simu mahali pa kubonyeza nyota moja. Wenye mgahawa humwita msumbufu. Wahudumu wana jina jingine, ambalo hawalitaji mbele ya wageni. Mimi nasema mtu huyu ni nguzo ya jamii, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea, kazi ya kumsifu naichukua mimi.

Sifa yenye adabu huanza na nasaba, na nasaba yake si ya jana. Mwaka 1831 mchoraji mmoja wa Kimarekani alifika Naples, akaona mkate bapa uliotandazwa nyanya na kunyunyiziwa visamaki na pilipili manga, akaandika kwamba ni kitu cha kutia kichefuchefu. Jina lake Samuel Morse. Naam, Morse huyuhuyu wa telegrafu. Kabla hajaupa ulimwengu njia ya kufikisha maneno mbali kwa dakika chache, alikuwa ameshapata la kulalamikia. Mwaka 1844 alipotuma ule ujumbe wake mashuhuri kutoka Washington kwenda Baltimore, alituma maneno ya Biblia, nami naamini ni kwa sababu tu Baltimore ya siku zile haikuwa na mtu wa kumletea piza akachelewa.

Nyuma yake akaja Carlo Collodi, baba wa Pinocchio. Mwaka 1886 alieleza jinsi weusi wa mkate ulioungua, weupe wa kitunguu saumu, ukijani wa mafuta na majani, na madoa mekundu ya nyanya vinavyoipa piza sura ya uchafu wa kila namna, uchafu ambao, akasema, unaoana vizuri sana na wa muuzaji mwenyewe. Hapo tuvue kofia. Chakula na huduma vimemalizwa kwa sentensi moja, na anayesema ni bingwa wa mambo ya uongo, mtu aliyejua pua hurefuka lini. Mwaka 2017 UNESCO waliuingiza ufundi wa wapika piza wa Naples katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwingine angeona haya. Mnung'unikaji wa kweli atakwambia UNESCO hawakuila ile ya Jumamosi usiku.

Kutoka nasaba twende kwenye tabia. Kwanza kabisa, ana jicho. Mtazame anapopokea boksi lake siku ya Jumanne, siku ambayo ukinunua moja unapewa ya pili bure. Hafungui kwa pupa. Anaweka kiganja chini ya boksi kupima joto. Anainua kifuniko taratibu, aone kama jibini imegandia kwenye karatasi. Halafu anageuza boksi kuelekea kwenye taa, na ukweli unadhihirika: kijana wa bodaboda amepita kwenye matuta, na uyoga, vitunguu na vipande vya kuku vyote vimehamia upande mmoja, upande wa pili umebaki mkate mtupu wenye alama ya mahali nyanya ilipokuwa. Mimi na wewe tungekula tu. Yeye anapiga picha tatu: moja ya piza nzima, moja ya ule upande mtupu, na moja ya risiti, saa ikionekana.

Pili, ni mwanasayansi. Wapinzani wake husema amelalamikaje ilhali vipande saba kati ya nane vimekwisha? Swali la watu wasiojua utafiti. Ulitaka ahukumu kwa kipande kimoja? Cha kwanza kingeweza kuwa bahati mbaya. Cha pili na cha tatu vilikuwa vya kulinganisha. Alipofika cha saba ndipo shaka ilipomtoka, na cha nane amekihifadhi kama ushahidi, ingawa nacho, uchunguzi ukiendelea, kimeanza kumegwa pembeni.

Tatu, hana mipaka. Atalalamikia unga, kisha kiyoyozi, kisha mlinzi wa maegesho, kisha mvua. Yupo aliyetoa nyota moja kwa kuwa alikuta mgahawa umefungwa siku ya Idi. Wengine wameifikisha kazi hii hadi ikulu: mwaka 2017 Rais Guðni Jóhannesson wa Iceland aliwaambia wanafunzi kwamba angeweza angepiga marufuku nanasi kwenye piza. Dunia ikachemka, ikabidi atoe taarifa kueleza kuwa hana madaraka hayo, na kwamba anafurahi kutokuwa nayo. Nanasi lenyewe lilikuwa limewekwa tangu 1962 huko Chatham, Ontario, na Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada. Miaka zaidi ya hamsini, na mashtaka bado mabichi.

Lakini mtu hasifiwi kwa tabia tu, husifiwa kwa matunda yake. Umewahi kukiona kile kidude cheupe cha plastiki chenye miguu mitatu, kinachosimama katikati ya piza? Watoto hukigombea kiwe meza ya mwanasesere. Kazi yake ni kushikilia kifuniko kisilalie jibini. Carmela Vitale wa jimbo la New York alikipatia hataza mwaka 1985. Sasa jiulize: kama wateja wote duniani wangekuwa na subira, wakawa wanabandua jibini kwenye kifuniko kimyakimya na kulamba vidole, nani angehangaika kubuni kile kidude?

Ushindi wake mkubwa, hata hivyo, ulipatikana Marekani kwa kina Domino's. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1960 pale Ypsilanti, Michigan, ndugu wawili waliponunua kijiduka cha piza. Mmoja, James Monaghan, baadaye akamwachia mwenzake sehemu yake kwa kupewa Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. (Kama kuna malalamiko ambayo hayajawahi kuandikwa ipasavyo, ni ya huyo James miaka iliyofuata.) Ilipofika 2009 maduka yalikuwa maelfu, na wateja walikuwa wamechoka. Walisema mkate wake una ladha ya boksi. Walisema mchuzi wake ni kechapu. Kampuni ya kawaida ingeajiri mtu wa kuandika kuwa maoni yenu ni muhimu kwetu. Hawa walifanya jambo la ajabu: waliyachukua matusi hayo, wakayaweka kwenye televisheni kwa fedha zao wenyewe. Patrick Doyle, aliyeshika ukurugenzi mkuu mwaka 2010, alitokea mwenyewe akakiri kwamba wateja wamesema kweli, na kwamba unga, mchuzi na jibini vyote vimebadilishwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilijitembeza hadi kikajiuza. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2010, mauzo ya maduka yao ya nyumbani, bila kuhesabu mapya, yalipanda kwa asilimia 14.3 kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Mwaka 2011 wakaenda mbele zaidi: wakakodi bango la umeme Times Square, New York, na kupitisha hapo maneno ya wateja, matamu na machungu. Hebu fikiria mnung'unikaji wetu, aliyezoea kunung'unikia jikoni kwake, leo maneno yake yanawaka juu ya vichwa vya watalii. Na mpishi aliyepata faida hajamtumia hata soda.

Hapa kwetu mambo ni tofauti, na ndiyo maana sifa hizi zinahitajika zaidi. Sisi tumelelewa kwamba chakula hakitiwi kasoro. Mhudumu anakuja na kalamu yake sikioni: "Mambo yako sawa hapa?" Baba, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anaapa kuwa nyama hii iliwahi kuwa soli, anajikohoza na kusema, "Sawa kabisa dada, asante sana." Mama anaongeza, "Tumeshukuru." Mtoto akitaka kufungua mdomo anafinywa chini ya meza. Kisha wote wanaingia kwenye gari, milango inafungwa, na kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi mtaa mzima utajua. Shangazi wa Tanga atapigiwa simu. Meneja peke yake ndiye hatajua, ataendelea kushangaa kwa nini meza zinabaki tupu. Pembeni mwa kaunta lipo sanduku la maoni, limefungwa kufuli yenye kutu, na ufunguo, ukiuliza, upo kwa meneja wa zamani aliyehamia Mwanza.

Ukitaka kujua ukimya unavyoua, nenda Italia. Domino's walifungua Milan mwaka 2015 kwa matumaini makubwa. Waitaliano hawakuandamana. Walipita nje, wakatazama dirishani, wakaenda kwa mpishi wa mtaani kwao. Mwaka 2022 maduka yote yalikuwa yamefungwa. Yule anayekuandikia aya nne kuhusu zeituni iliyokuwa na kokwa bado ana nia ya kurudi. Anataka kurudi akute zeituni isiyo na kokwa, ili aandike kuhusu vitunguu.

Wapo watakaosema kwamba mbona Forodhani, pale Unguja, hakuna haya? Piza ya Zanzibar, ile ya chapati nyembamba inayokunjiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ikakaangwa kwenye chuma cha moto, huliwa usiku kucha na wala hakuna anayeihesabia nyota isipokuwa zile za mbinguni. Sababu ni rahisi. Mpishi yuko mbele yako, anakunja unga ukimwona. Ukisema "punguza pilipili kaka," inapunguzwa. Ukisema "hii imeungua," anaitazama, anakutazama, na mnamalizana hapohapo, kwa utani au kwa maneno. Migahawa yenye matawi mia imemwondoa mpishi machoni. Unga unaweza kuwa umekandwa kwenye kituo kilicho mbali na duka, ukaletwa kwa lori; bei imepangwa na watu wa ghorofa ya juu katika jiji jingine; na aliyebaki kaunta ni binti wa miaka ishirini na mbili mwenye kofia ya kampuni, ambaye hakukanda wala hakupanga. Malalamiko yanakosa pa kwenda, kwa hiyo yanamwangukia yeye.

Na hapa, nikiri, sifa zangu zinaanza kukwama kooni, maana huyu shujaa wetu hachagui wa kumpiga. Tuchukue dakika thelathini. Domino's walikuwa wakiahidi kwamba piza ikichelewa zaidi ya hapo unaila bure, na baadaye kwamba unapunguziwa dola tatu. Mnung'unikaji akakaa mlangoni na saa. Madereva wakakanyaga mafuta. Watu wakagongwa. Desemba 1993 baraza la wazee wa mahakama mjini St. Louis likaamuru mwanamke mmoja aliyegongwa na dereva wao alipwe zaidi ya dola milioni 78, na ahadi ya dakika thelathini ikafutwa mwezi huohuo. Sisi hatuhitaji kwenda St. Louis. Simama barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam au Nairobi mvua inyeshe saa moja jioni, utazame vijana wenye masanduku mgongoni wanavyopenya kati ya malori. Kila mmoja ana mtu mahali fulani aliyeketi kwenye kochi, miguu juu, akitazama simu na kusema, "Mbona huyu hasogei?"

Mtetezi wake nitajibu nini? Nitasema kwamba hata simba husifiwa, na hakuna anayemwomba awe mpole. Nitasema pia kwamba angekuwa na akili ya kutenganisha, angepiga kelele juu ya unga na kunyamaza juu ya dakika, angempa kijana wa bodaboda chenji na kumwandikia barua mkurugenzi. Lakini ukimpunguza hivyo unabaki na raia mwema, na raia wema hawahitaji waandishi wa kuwasifu.

Kwa hiyo napendekeza atunukiwe nishani. Isiwe ya dhahabu, atasema imepakwa tu. Iwe kile kidude cheupe cha miguu mitatu, kikubwa kidogo, chenye utepe, na avishwe na meneja mwenyewe mbele ya kaunta, wahudumu wakipiga makofi na yule binti wa kofia akishika sahani ya keki. Ataipokea. Ataigeuza kwenye taa, ahesabu miguu. Kisha atauliza kama leo si Jumanne, na ya pili iko wapi.