Jerikani ya Shemeji

Nyumbani kwetu kuna madhehebu mawili. Mimi na watoto ni Waanglikana. Baba Neema ni wa Subaru. Imani yake ina miaka yake mitakatifu: 1994, Patrick Njiru alipomaliza Safari Rally katika nafasi ya nne kwa Impreza, 1997, Colin McRae aliposhinda, na 2021, Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Mwamshe usiku wa manane, atakutajia yote bila kukosea. Muulize tarehe tuliyofunga ndoa, ataomba kwanza maji ya kunywa.

Kwa imani hiyo tukanunua Forester ya turbo iliyotumika Japani. Hapa kwetu Kwanza, upande wa Kitale, gari halina cheo. Asubuhi linapeleka watoto shule Kitale, likirudi linabeba mbolea, na siku ya kliniki linambeba mama mkwe. Jumapili tunaenda nalo kanisani likinuka maziwa yaliyomwagika. Lakini mwenyewe akilitazama haoni hayo. Yeye huona gari la mashindano lililocheleweshwa na majukumu ya familia.

Mwezi wa Machi shemeji yangu mdogo alienda Naivasha kutazama Safari. Alirudi kwa matatu, na jerikani ya lita 20 chini ya kiti, Mungu awasamehe yeye na makanga.

"Shem, hii si petroli ya kawaida," akaniambia huku akiishusha taratibu. "Hii ni mafuta ya mbio. Okteni mia. Nimepewa na rafiki wa rafiki."

Nilipouliza huyo rafiki wa rafiki ni nani, ndugu hao wawili walitazamana kama watu wa chama cha siri. Jerikani ikaingia stoo, ikawekwa katikati ya gunia la mahindi na dumu la mafuta ya taa. Kifuniko hakikukazwa sawasawa. Punde ugali wetu ukaanza kunuka kituo cha mafuta, na Baba Neema peke yake ndiye aliyeula kwa furaha.

Jioni moja stima ikapotea. Neema akatumwa stoo kujaza koroboi. Gizani, dumu na jerikani ni ndugu. Akarudi na koroboi imejaa, mimi nikiwa tayari nimeshika kiberiti. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kona yake, akainua pua.

"Mama Neema, weka hicho kiberiti chini."

Nikakiweka. Tukamulika kwa tochi ya simu. Ndani ya koroboi kulikuwa na kitu cha rangi ya samawati, chepesi, kinachopanda hewani hata ukikitazama tu. Petroli ya aina yoyote hutoa mvuke unaowaka kwa cheche ndogo. Mafuta ya taa hayana pupa hiyo. Ningewasha utambi ule, leo mngekuwa mnasoma tanzia. Usiku huo huo jerikani ikahamishiwa nje, mbali na jikoni, na Baba Neema akahubiriwa na mamake hadi majogoo.

Toba yake ilidumu hadi siku ya mashindano ya kupima muda, katika uwanja wa vumbi upande wa Eldoret. Yeye na shemeji wakamimina jerikani nzima kwenye tangi lililokuwa karibu tupu. Baba Neema akatoka mbio, turbo ikipiga mluzi, shemeji akipiga mayowe. Aliporudi alisema gari "limefunguka". Saa ya waandaaji ilisema vingine: lilikuwa lile lile.

Siku chache baadaye, njiani kupeleka watoto shule, taa ya injini ikawaka. Gari likaanza kukohoa na kula mafuta kwa ulafi. Fundi wetu wa Kitale akatia mashine ya kusoma hitilafu, kisha akafungua sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kunionyesha. Ncha yake ilikuwa imevaa utando wa kijivu. Akauliza mafuta yalikuwa na rangi gani. Nikamwambia samawati. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, haya si ya Safari. Magari makubwa ya Safari tangu 2022 yanatumia mafuta yasiyotokana na petroli ya ardhini. Haya ni ya ndege ndogo za propela. Yametiwa rangi ili yasichanganywe na mengine. Na yana risasi."

Mafuta hayo huruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Piga hesabu ya lita 20: huenda hadi gramu 11 hivi zilipita kwenye injini ya gari linalobeba wanangu. Injini ya ndege ndogo haina sensa hiyo wala kisafisha moshi, kwa hiyo haidhuriki hivyo. Gari la kisasa hulishwa sumu.

Baba Neema akajitetea kwamba gari lilitengenezewa petroli ya Japani ya okteni karibu 100. Fundi akamkubalia nusu.

"Kweli super yetu iko chini ya hapo, na komputa ikisikia injini inagonga huchelewesha cheche, nguvu ikapungua kidogo. Lakini okteni si nguvu, ni uvumilivu wa mafuta kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Inakupa nafasi ya kuongeza presha ya turbo. Usipopanga komputa upya kuitumia nafasi hiyo, umemvika mtu koti la mvua siku ya jua. Halimwongezei mbio."

Sensa mpya ilimeza pesa za mbolea ya kukuzia, na mahindi yetu yakasimama manjano huku ya jirani yakijigamba. Shemeji alilipa kwa jembe, mistari mirefu ya palizi, bila chai ya saa nne.

Nilipotulia ndipo hasira ya kweli ikanijia. Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya magari yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, kwa sababu madini hayo huharibu ubongo wa watoto. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao pale Gigiri, Nairobi, liliendesha kampeni hiyo duniani hadi Algeria, nchi ya mwisho, ilipoacha mwaka wa 2021. Sisi tukairudisha Kwanza kwa matatu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye turbo: kama gari lako la mashindano ndilo hilo hilo la shule, litie oili nzuri kwa wakati, badilisha plagi, nunua petroli isiyo na risasi kwenye kituo unachokiamini. Mafuta usiyojua yalikotoka yasiingie kwenye tangi, na petroli yoyote isilale ndani ya nyumba.