Haki Yenye Faida

Neno la Kiingereza "right" hubeba kulia, sahihi na haki kwa pamoja. Kijapani kina maneno matatu tofauti: migi, tadashii, kenri. Mawili ya kwanza hayana ugomvi. Kenri ndiyo yenye vituko: "ken" huandikwa kwa herufi ya mamlaka, "ri" kwa herufi ya faida. Mwandishi wa Kijapani Fukuzawa Yukichi alipendelea "ri" ya mantiki. Akashindwa, na faida ikaingia hadi Katiba ya Japani ya 1889.

Watetezi wa kenri watasema neno hilo lilitoka Uchina, katika tafsiri ya sheria za kimataifa ya 1864. Sawa, ila herufi mbadala ilikuwepo, tena inatamkwa vilevile. Raia akidai haki, maandishi yanamtangaza kuwa mroho wa cheo na pesa. Watawala, nadhani, hawakuona tatizo.