Dumu la Mtoto, Raketi ya Mkubwa

Mtoto wa Manzese akipigilia ubao kwenye dumu la mafuta ya kula, akakaza waya wa breki za baiskeli apate gita, huambiwa: "We mtoto, acha kelele, kasome!" Bwana mkubwa wa Masaki akichukua raketi yake kuukuu ya tenisi, akaifungia bakuli la jikoni na nyuzi nne za mshipi wa kuvulia apate ukulele, yaani kigita kidogo, huyo ni mbunifu. Mpiga picha huitwa, na wageni hunywa juisi wakitikisa vichwa.

Ukulele yenyewe ilianzia karakana. Mafundi seremala kutoka kisiwa cha Madeira walifika Honolulu mwaka 1879, wakaichonga kwa kufuata vigita vya kwao. Mfalme Kalākaua wa Hawaii akaipenda, nayo ikapata heshima ya ikulu.

Bahati mbaya, uzi haujui mtaa wa mtu. Kijiti cha kumi na mbili kati ya vile vya kubania uzi shingoni kisipokaa katikati ya uzi, sauti hupotoka, hata shingo iwe ya raketi ya Ulaya. Mtoto akisikia kasoro husogeza kijiti. Bwana mkubwa hupandisha bei.