Diski Pacha Ikifa, Usimpige Kofi Aliyebaki

Kwanza kabisa, teremsha mkono. Kompyuta iliyogoma kuwaka haifundwi adabu kwa kofi, hata kama hoteli yako ya Shangani ina wageni wamesimama na mabegi, na majina yao yote yamo ndani ya mashine hiyo. Dua isome, haikatazwi. Ukimaliza, chomoa umeme na ufungue kasha.

Humo mna diski mbili zilizokuwa zikiandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja imekufa. Ya pili ni nzima na ina kila kitu chako, lakini skrini ni nyeusi tii. Hapa ndipo watu humwambia fundi wa Darajani, "Futa tu, uweke upya." Nakusihi, ndugu yangu, meza maneno hayo! Unaua kilicho hai.

Tatizo liko mlangoni. Kwenye Linux, kinachonakiliwa mara nyingi ni partisheni tu, yaani vigawanyo vya diski. GRUB, programu ndogo inayouamsha mfumo, kwenye mashine za zamani hukaa mwanzoni mwa diski, nje ya partisheni, na pengine iliwekwa kwenye diski ya kwanza peke yake. Basi rudisha umeme, ingia kwenye mpangilio wa kuwasha, uitangulize diski nzima. Ikikataa, washa kwa flashi, kisha weka GRUB kwenye diski iliyobaki. Ukifunga diski mpya, andika kwanza namba za utambulisho za zote mbili: ukikosea upande, utanakili utupu juu ya hesabu zako.

Unguja tunaijua hasara ya kutegemea njia moja. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba, wa mwaka 1980, uliharibika Desemba 2009, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013. Nawe usingoje giza: chagua siku tulivu, zima mashine, chomoa diski ya kwanza, uone kama ya pili inawaka peke yake. Kisha irudishe, zilingane upya, ndipo uijaribu nyingine.

Na faili ulilolifuta limefutika kwa pacha wote wawili papo hapo. Nakala ya tatu mpelekee shangazi Makunduchi, kila wiki.