Deni la Ndugu Bata Mzinga

Anwani ya 127.0.0.1 maana yake ni "hapa hapa nilipo". Kila kompyuta inaijua, na kila moja hudhani inatajwa yenyewe. Hilo nililielewa siku nilipomtumia mteja linki yenye anwani hiyo ili aone kazi yake. Haikufunguka. Nikamjibu kwa kiburi cha kijana mwenye laptopu: "Mbona kwangu inafunguka?" Ni kama kumwambia mtu njoo nyumbani, naye akarudi kwake Mbagala akakaa kukusubiri.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo.

Baadaye chama kimoja cha kuweka na kukopa kikanipa kazi ya programu ya kuwakumbusha wanachama marejesho kwa meseji. Mfumo wa namna hiyo una makazi matatu: laptopu yangu, seva ya majaribio, na laivu, waliko watu wenye hasira zao. Huduma ya kutuma meseji nayo ina anwani mbili. Ya majaribio hupokea kila kitu, hujibu 200, yaani "sawa bosi", kisha haitumi chochote. Ya laivu haina utani. Nami niliiandika anwani ndani ya programu yenyewe, mahali patatu. Jioni moja, kabla ya kujaribu, nikabadilisha pawili kuwa ya majaribio, nikaiwasha programu, nikaenda kula chipsi mayai.

Majina kwenye orodha ya majaribio yalikuwa ya kubuni. Namba za simu, kwa uvivu wangu, zilikuwa za wanachama wenyewe.

"Ndugu Bata Mzinga, unadaiwa shilingi 999,999,999. Lipa leo au tunakuja kuchukua kuku."

Simu zilianza chipsi zikiwa bado za moto. Mama mmoja alisema, "Baba, hela hiyo sina, ila kuku nimeshawafungia ndani." Mzee mmoja deni hakulipinga kabisa, alichotaka kujua ni nani aliyemwita bata. Mweka hazina akauliza kama naye ni Bata Mzinga. Nikamwambia kwa leo sote tu.

Nikarekebisha kwa pupa: kila kitu, hadi laivu, nikakielekeza kwenye anwani ya majaribio. Wiki mbili hakukumbushwa mtu. Ripoti zangu zilipendeza: 200, 200, 200. Kwenye kikao nikapongezwa kwa utulivu wa mfumo. Marejesho tu ndiyo yalikuwa yamekauka.

Siku hizi anwani haikai ndani ya programu. Kila seva inabeba ya kwake kwenye mipangilio yake, na programu isipoikuta inagoma kuwaka, haibahatishi. Seva ya majaribio inaruhusiwa kutuma kwa namba moja tu, yangu.

Jana saa nane usiku simu ikalia. "Ndugu Bata Mzinga, unadaiwa..." Nikaruka kitandani kwenda kuangalia kuku. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sifugi.